Kufa na kuliwa: neno letu juu ya vitenzi

Sisi tunaofundisha lugha kwenye sekondari tumezoea kuandika ubaoni kwamba kuko vitenzi visivyopokea yambwa: tendo linabaki kwa kiima chenyewe. Mtoto analia. Embe imeiva. Mzee amekufa. Wanafunzi wanaandika, kengele inalia, tunaenda. Lakini mtoto anayelia na embe inayoiva si kitu kimoja. Mtoto anafanya jambo, embe inapatwa na jambo. Mwaka 1978 David Perlmutter, mwanaisimu wa Marekani, alipendekeza kuvigawa vitenzi hivi namna hiyo: vile ambavyo kiima chake ni mtendaji kweli, na vile ambavyo kiima chake, ukichimba ndani, ni sawa na yambwa.

Wamama wa sokoni hawakumngoja. Anayeimba ni mwimbaji, anayekimbia ni mkimbiaji. Na kinachooza? Hakuna mwozaji. Anayekufa haitwi mfaji, anaitwa mfu ao marehemu. Jaribu tena kuongeza neno "makusudi". Amecheka makusudi, sawa. Nyanya zimeoza makusudi, watu watakucheka. (Kuanguka kunatusumbua kidogo, maana kuko wachezaji wa mpira wanaoanguka makusudi juu ya kupata penalti.)

Halafu kuko -ika. Sahani imevunjika: inatosha. Ukisema imevunjwa, masikio yote yanangoja "na nani?" Kila mutoto wa kwetu anajua tofauti hiyo, ndiyo maana anakimbilia "imevunjika" mama akiingia jikoni.

Sasa tuingie kwenye kilio, maana ndipo jambo hili linakuwa zito. Kijana akifariki, jioni ya kwanza wanasema amekufa, malaria ilimumaliza. Siku ya tatu, wakiota moto, sauti inageuka: "Hakukufa hivi hivi, walimukula." Kitenzi kimebadilishwa, na nafasi ya mtendaji imefunguka. Nafasi ikiwa wazi watu wanataka kuijaza, na mara nyingi wanaijaza na mwanamke mzee, mjane, asiye na watoto wa kumtetea. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake walioitwa wachawi waliuawa na makundi ya watu. Hatusemi kwamba sarufi ndiyo iliwaua. Wivu na woga vina kazi yao, umaskini vilevile.

Wako watakaotuambia tusidharau mila, kwamba "kuliwa" ni neno la wazee. Ndiyo, ni lao. Lakini hata kufa ni neno la wazee, na walituachia neno hilo bila nafasi yoyote ya mtendaji. Aliyetaka kumtaja muuaji alipaswa kuchukua neno lingine kabisa, kuua, ambalo hata mzizi wake haufanani na wa kufa. Na aliyelichukua alijua kwamba ataulizwa aliona nini.

Tena muangalie neno "amefiwa". Kwa umbo ni kitenzi cha kutendwa: kina -w- yake, kina "na" yake. Mama amefiwa na mume wake. Wanafunzi wetu wa darasa la tano, tukiwauliza mtendaji hapo ni nani, wananyamaza kwanza. Baada ya "na" wanatafuta muuaji, hawamuoni. Kuko marehemu peke yake.