Daktari Atafiti Saa Ngapi?

Mijadala kuhusu utafiti wa kitabibu Afrika Mashariki huishia mahali pale pale: wataalamu wetu wafundishwe zaidi. Ziongezwe semina, ianzishwe shahada nyingine ya uzamili, waletwe wakufunzi kutoka nje. Ninaishi Uingereza, ambako mafunzo hayo yamestawi, na sioni kwamba tatizo limo darasani. Masomo hayapishani sana: huku na huko mwanafunzi hufundishwa takwimu, epidemiolojia, maadili, upangaji wa majaribio ya dawa na uandishi wa makala za jarida. Kinachopishana ni nani analipia saa za daktari au muuguzi anapotafiti, na kazi gani inamngoja akishahitimu.

Huku jambo hilo limewekwa kwenye mkataba wa kazi. Mwaka 2005 kamati iliyoongozwa na Mark Walport ilipendekeza njia rasmi ya kumlea daktari mtafiti, na mwaka uliofuata ikaanzishwa NIHR, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya, inayoigharimia njia hiyo kwa fedha za serikali. Daktari anayesomea ubingwa akipata nafasi ya kwanza, robo ya muda wake kwa miaka 3 ni ya utafiti. Baadaye, akiwa na uzamivu, anaweza kushindania nafasi ya miaka 4 ambayo nusu yake ni tiba na nusu ni utafiti. Si kwamba huku mambo yote yamenyooka. Wauguzi na wakunga nao wana njia yao, ila wanaoipita hadi mwisho ni wachache mno ukilinganisha na madaktari. Hata hivyo faida ilionekana mwaka 2020. Jaribio la RECOVERY liliandikisha mgonjwa wa kwanza mwezi Machi, likaenea katika hospitali zaidi ya 170, nyingi zikiwa za kawaida kabisa, na Juni 16 likatangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, inapunguza kwa takribani theluthi moja vifo vya wagonjwa wa Uviko waliowekwa kwenye mashine za kupumulia. Sifa nyingi zilikwenda Chuo Kikuu cha Oxford, kilicholiongoza. Mimi ningewapa zaidi wauguzi na madaktari waliokuwa tayari hospitalini, ambao kuandikisha wagonjwa katika utafiti ni sehemu ya kazi waliyoajiriwa kuifanya.

Nyumbani Tanzania, daktari anayesomea MMed, shahada ya ubingwa ya kwa kawaida miaka 3, lazima aandike tasnifu. Sharti ni zuri. Lakini mwanafunzi huyo huyo ndiye mhimili wa wodi: raundi ya asubuhi, kliniki, zamu ya usiku, na mara nyingi gharama za utafiti zinamtoka mfukoni. Katika hali hiyo mwenye akili huchagua swali linalowahi kumalizika, hata kama si lile linalowasumbua wagonjwa. Ndiyo maana tumejaza maktaba kwa tasnifu za ukubwa wa tatizo fulani na mambo yanayohusiana nalo, katika hospitali moja, kwa miezi michache. Inatetewa, inajalidiwa, inawekwa rafuni. Bingwa mpya anapangiwa hospitali ya mkoa, na huko ratiba yake haina hata saa moja ya utafiti.

Pingamizi kubwa ni uchache wa watumishi. Foleni imefika getini, halafu tumtoe daktari akakae na kompyuta? Pingamizi hili ni zito, ila linadhani utafiti unawaibia wagonjwa muda wao. Utafiti wa FEAST unaonyesha kinyume. Kwa miaka mingi miongozo iliyotokana na uzoefu wa nchi tajiri iliagiza mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu apewe maji mengi ya mshipa haraka. FEAST, ulioongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland akiwa Kilifi, Kenya, uliwahusisha watoto zaidi ya 3,100 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: ndani ya saa 48, kati ya waliopewa maji hayo walikufa takribani 10.5 katika kila 100. Kati ya wasiopewa, 7.3. Bila utafiti, madaktari hao wachache wangeendelea kutoa kwa bidii tiba inayoua.

Msomaji makini atasema: FEAST uligharimiwa na Waingereza, na miradi ya namna hiyo, toka kituo cha Ifakara hadi cha Kilifi, ndiyo shule yetu. Ni kweli, na nisingependa ifungwe. Lakini swali la FEAST liliibuliwa na mtu aliyekuwa analipwa kukaa karibu na vitanda vya watoto na kuhoji anachokiona. Nafasi ya aina hiyo haipaswi kutegemea mfadhili. Mradi una tarehe ya mwisho. Ukifungwa, muuguzi aliyeiva katika kazi hutafuta mradi mwingine, na mwenye fedha ndiye anayechagua ugonjwa wa kuchunguza.

Hatuhitaji kungoja bajeti ya Uingereza. Vyuo viruhusu wanafunzi wa idara moja, mwaka hadi mwaka, wabebe swali moja kubwa juu ya rejista moja ya wagonjwa, kila mmoja akitetea kipande chake. Kanuni za tasnifu hutaka kazi iwe ya mwanafunzi mwenyewe, na kipande kinatosha kutimiza hilo. Wizara za afya nazo zianze na mabingwa na wauguzi wachache katika hospitali za rufaa: siku moja kati ya tano za kazi iwe ya utafiti, iandikwe kwenye mkataba, ihesabiwe wakati wa kupandishwa cheo, na mkuu wa idara asiwe na ruhusa ya kuigeuza zamu.