Nilikosa Kazi kwa Maneno Matatu

Wasee, hii stori nimeificha tangu mwaka jana. Leo naitoa.

Niliitwa intavyuu ya karani wa kuingiza data, hapa tu tao. Mathe alinikopea fare, nikapiga shati pasi. Tukaambiwa kuna mtihani wa kuchapa, dakika 5, na lazima ufikishe maneno 35 kwa dakika. Nikacheka moyoni. Si mimi kwa WhatsApp hujibu kabla hujamaliza kuuliza?

Nilichapa kwa vidole viwili, macho kwa kibodi, mbio kama matatu inayowania abiria. Muda ulipoisha ndio nikaangalia skrini. Aki, mistari mitatu yote ilikuwa herufi kubwa.

Hesabu yao ni hivi: kila herufi 5, pamoja na nafasi, ni neno moja. Nilikuwa na 1,100, yaani maneno 220, sawa na 44 kwa dakika. Lakini kila kosa linakula neno. Makosa 60 gawa kwa dakika 5, toa 12. Nikabaki na 32.

Nilirudi mtaani nikamwambia auntie wa saiba, yule huchapa barua ya mteja huku akimwangalia usoni. Akasema, "Mwanangu, wewe una haraka, hauna njia."

Akanionyesha vinundu vidogo kwenye F na J. Kumbe havikuwekwa kwa urembo! Vidole vya shahada vinakaa hapo, vingine vinajipanga kando yake, na kila kidole kikishatumwa kwa herufi yake kinarudi nyumbani. Halafu akanifunika mikono na leso.

Wiki ya kwanza nilishuka hadi maneno 14. Nilitaka kuacha. Lakini alikuwa ananipa mashine dakika 20 kila jioni, mimi namfagilia duka, so nikaona aibu kutoroka. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kuongeza kasi mpaka ukurasa mzima utoke na makosa yasiyozidi 2. Baada ya miezi miwili nilipiga 46, kosa moja.

Maoni yangu ni haya. Sisi vijana tunajiita watu wa dijitali kwa sababu vidole gumba vyetu viko mbio kwa simu. Ofisini hiyo haitoshi. Simu hukurekebishia neno, lakini hakuna wa kukurekebishia namba ya akaunti. Sifuri moja ikizidi, 5,000 ya mtu imekuwa 50,000. Ndio maana nasema usahihi kwanza. Kasi hukuja yenyewe, kwa sababu haupotezi muda kurudi nyuma kufuta.

Ile ofisi haikunipigia tena. Nyingine ilinipigia, na fare ya mathe nimerudisha.

So kabla utume maombi mengine, funika mikono na ujipime. Usiandike kwa CV ati unajua kompyuta na bado unaitafuta herufi B.