Wareno waliondoka, nyimbo zikabaki

Wimbo huanza polepole. Sauti zinapanda, kasi inaongezeka, hatimaye waliokaa wanainuka kucheza. Ukiacha ngoma, vyombo vingi vimetoka jikoni: vijiko, vifuu vya nazi, chupa ya kioo inayogongwa kwa sarafu. Hii ndiyo manja, muziki wa kijiji cha Sirambiyadiya, karibu na mji wa Puttalam, pwani ya magharibi ya Sri Lanka.

Mgeni kutoka Afrika Mashariki atashtushwa kwanza na sura za waimbaji. Ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi wakiwa watumwa na askari, enzi za Wareno, Waholanzi na Waingereza. Jina walilopewa huko, Kaffir, limetoka kwenye neno lile lile la Kiarabu lililozaa "kafiri" katika Kiswahili. Hata hivyo hawaimbi kwa lugha ya Kiafrika. Wanaimba kwa krioli ya Kireno, ambayo vijana wao hawaizungumzi tena. Nyumbani ni Kisinhala. Yapo maneno wanayoyatamka vizuri kabisa bila kujua maana yake.

Wareno walifika kisiwani humo mwaka 1505 na kung'olewa na Waholanzi mwaka 1658. Lugha yao ingepaswa kuondoka nao, lakini tayari ilikuwa imeingia majumbani. Wanawake wa pwani walioolewa na Wareno, watumwa, mabaharia na wachuuzi walikuwa wameigeuza ikawa yao. Hata watoto wa Waholanzi walilelewa na yaya waliozungumza krioli hiyo. Utawala ulibadilika, yaya ni yule yule.

Nyimbo zenyewe zilikuwa nyepesi kubeba. Nyingi ni beti fupi za mwanamume na mwanamke kutaniana, na kila ubeti unajitegemea. Mwimbaji huchomoa mmoja, huongeza wake, mwingine humjibu, kama inavyotokea kwenye harusi yoyote yenye watu wachangamfu. Ndiyo maana beti zinazofanana zimekutwa India, Sri Lanka na Malacca, huko Malaysia. Nyingine zilisafiri na watu wasiokuwa na hiari: mateka wenye asili ya India waliochukuliwa na Waholanzi, wakaachiwa huru, kisha wakapewa makazi Tugu, pembezoni mwa Jakarta ya leo. Wazao wao bado wanapiga keroncong kwa magitaa madogo.

Mashariki mwa Sri Lanka, mjini Batticaloa, wapo wanaoizungumza krioli hadi leo, na harusini hucheza kaffrinha kwa fidla. Lakini ni jamii ndogo, na tsunami ya Desemba 26, 2004 iliwakumba vibaya katika mtaa wao wa Dutch Bar, kando ya bahari. Katika jamii ya namna hiyo, bibi mmoja akifariki anaondoka na beti ambazo hakuna mwingine anayezijua.

Malacca, iliyokuwa mikononi mwa Wareno kuanzia 1511 hadi 1641, wimbo wa Jinkli Nona haujapotea. Watoto wa mtaa wa Wareno hufundishwa kuucheza, na watalii huushangilia. Shoo ikiisha, wengi wa watoto hao huzungumza Kiingereza wakielekea nyumbani.