Viwavi wa Mlimau

Kijijini kwetu, karibu na Gede, kiwavi wa mlimau alikuwa na hukumu moja tu: kupondwa. Mama alikagua majani machanga kila asubuhi, nasi watoto tuliachiwa matawi ya chini. Hakuna aliyemhusisha mdudu yule na kipepeo mkubwa mweusi, mwenye mabaka ya manjano, aliyezunguka maua ya uani tukimkimbiza kwa furaha.

Wataalamu humwita Papilio demodocus. Yuko karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, popote penye malimau, ndimu au machungwa. Mabawa yake yakitandazwa hufika sentimita 10 na zaidi, na yale ya nyuma yana madoa ya mviringo, mekundu na buluu, mfano wa macho. Mikia waliyo nayo ndugu zake wengi, yeye hana.

Jike hutaga yai mojamoja juu ya jani changa. Kiwavi anayetoka ni mweusi wa kahawia na ana baka jeupe mgongoni, kiasi kwamba ndege humdhania kinyesi na kumpita. Akishajibambua mara kadhaa hugeuka kijani. Mchezo wetu ulikuwa kumgusa kichwani kwa kijiti: ghafla pembe mbili laini za rangi ya chungwa huchomoza nyuma ya kichwa, na harufu kali hujaa puani. Siku zake za kula zikiisha, hujifunga kwenye kijiti kwa uzi wa hariri kiunoni na kuwa pupa, ya kijani au ya kahawia kufuatana na pale alipojishika.

Mwaka 1993 ukaja Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa na Dkt. Ian Gordon chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pale pale kwenye magofu ya Gede. Wakati huo wengi wetu tulioishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke tulitaka ukatwe tugawiwe mashamba. Ndovu na nyani walikuwa wakitumalizia mahindi, na kutoka msituni hatukuona tulichopata. Mradi ukasema utanunua pupa, usafirishe kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za vioo ambako watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo. Wazee walicheka. Mama hakucheka, alikuwa na mlimau.

Alifunika matawi kwa mifuko ya neti, maana adui mkubwa si ndege, ni nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya kiwavi au pupa. Pupa iliyoingiliwa haitoi kipepeo, hutoa nyigu. Nyingine nazo zilimwahi: pupa hukaa kama wiki mbili tu, ukichelewa kuipeleka Gede inapasuka mikononi mwako. Niliwahi kuishuhudia moja. Ngozi ilichanika mgongoni, akatoka mdudu mwenye tumbo nene na mabawa yaliyosinyaa, akaning’inia, akayasukumia maji ya mwili mpaka yakanyooka. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Lakini huyu wa mlimau hahitaji msitu, na hapo ndipo mambo yalipogeukia. Wanunuzi walitaka pia wa msituni: akina Charaxes wanaonaswa kwa ndizi zilizooza, na Papilio dardanus, ambaye dume lake ni la manjano na lina mikia, huku majike mengi yakijivika sura ya vipepeo wengine wenye sumu. Hao huwezi kuwafuga bila kupata majike ya mbegu kutoka msituni, wala bila miti wanayoila. Barazani nikaanza kuwasikia wazee wale wale wakimkaripia mkata miti. Ni fedha zilizowageuza, nami naona hilo ni jambo la heshima. Msitu uliwalisha, wakautetea.

Mwaka 2020 corona ilifunga nyumba za vioo na kusimamisha ndege, na neti nyingi zikabaki tupu.

Sasa kaka yangu ana kitalu cha michungwa. Viwavi wachache wakubwa wanatosha kuuacha mche mdogo bila jani. Hapulizi dawa, huwaokota na kuwahamishia mlimau mkubwa, na jirani anayemcheka huulizwa kama amesahau karo za watoto wake zililipwa na nini.