Samaki wa Pili Tumemchagua Wawili

Samaki wetu wa kwanza alikufa siku ya tatu, mimi na mume wangu tukanuniana wiki nzima: nani alimchagua? Jumamosi tukarudi kwenye maduka ya samaki wa mapambo, Kinondoni. Safari hii hatukukimbilia rangi. Tulisimama mbele ya matangi, tukatazama. Mwenye vidoti vyeupe, hapana. Anayehema juu ya maji au aliyebana mapezi, hapana. Tangi lenye samaki aliyekufa, tukalipita. Kisha tukamwomba muuzaji awape chakula. Mbuna mmoja wa bluu, ukoo wa Ziwa Nyasa, akakirukia wa kwanza. "Huyu!" tukasema kwa pamoja. Jamani, kumbe tukitulia tunaelewana!