Mashine Isiyo na Plaki

Wengi wanaosimulia miaka ya vikwazo dhidi ya Burundi huanza na mapinduzi ya Julai 1996. Mimi naanza nyuma kidogo, kwa kuwa mashine ya mjomba wangu ilizimika kabla Meja Pierre Buyoya hajarudi ikulu, na kilichoizima hakikuamuliwa Arusha kama vikwazo. Ilikuwa mwishoni mwa 1995. Waasi waliangusha nguzo za umeme mkubwa, Bujumbura ikaingia gizani, na maji nayo yakakatika, maana pampu zinategemea umeme huohuo. REGIDESO ndiyo iliyokuwa ikituuzia vyote viwili, kama inavyofanya mpaka leo, kwa hiyo kimoja kikikosekana cha pili hakikawii kufuata.

Umeme wetu ulitoka mbali. Kulikuwa na bwawa la Rwegura, lenye megawati 18, huko juu kwenye msitu wa Kibira. Kulikuwa na Mugere. Na kulikuwa na Ruzizi, mto tunaogawana na Rwanda na Kongo. Waya za Rwegura zilipita kwenye milima ileile ambako vita vilikuwa vikipiganwa. Mtu wa mtaa wetu wa Buyenzi hakuwa na sababu ya kujua kwamba unga wake unategemea nguzo iliyosimama Kibira. Mwaka ule akajua.

Mjomba alikuwa na mashine ya kusaga katika moja ya avenyu zetu, upande wa korongo la Ntahangwa. Mimi nilikuwa kijana wa daftari: napima, naandika, napokea pesa, nafagia. Wateja walikuwa akina mama wenye muhogo mkavu na mahindi, wengine wakisagisha ya nyumbani, wengine ya kwenda kuuza soko la Ruvumera. Upande mmoja tulipakana na garaji, upande wa pili na mchomeleaji vyuma, na mkabala nasi walikaa mafundi cherehani. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu enzi za Mbelgiji, watu ambao babu zao walitoka Ujiji na Manyema, na hatuna mashamba. Gari likiharibika Rohero kwa wakubwa, linaletwa kwetu. Mlango ukivunjika Ngagara, unachomelewa kwetu. Vita vyenyewe sitavisimulia hapa. Inatosha kusema kwamba Machi 1995 vilifika Bwiza na Buyenzi, na majirani wengi, hasa wenye asili ya Zaire, walivuka kwenda Uvira. Baadhi hawakurudi, na madeni yao yakabaki kwenye daftari langu.

Umeme ulipokatika, mjomba alitoa stoo injini kuukuu ya mazutu, yaani dizeli, aliyorithi kwa baba yake, akaifunga mkanda, tukaanza kusaga kwa moshi. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa waziri yeyote anapozungumzia bei ya nishati. Ukitumia umeme wa enzi zile unasaga kwanza, bili inakuja mwisho wa mwezi, nawe unailipa kwa pesa ambayo wateja wamekwisha kukupa. Mazutu hayana mwisho wa mwezi. Unayalipa yakiwa bado kwenye bidoni, yaani dumu, kabla hata mteja wa kwanza hajashusha kikapu kichwani. Kwa hiyo hata kama bei zingekuwa sawa kabisa, mwenye mashine anayehama kutoka kwenye umeme kwenda kwenye mazutu anahitaji pesa mkononi ambayo jana hakuihitaji. Mjomba hakuwa nayo. Aliuza baiskeli, kisha akauza mabati aliyokuwa amenunua ya chumba cha uani, na pesa hiyo yote ikaingia kwenye tangi la injini, ikatoka moshi.

Umeme ulirudi, ukakatika, ukarudi. Tulikuwa tumeanza kuzoea mwendo huo Arusha ilipotangaza vikwazo.

Tarehe 25 Julai 1996 jeshi lilimrudisha Buyoya madarakani. Tarehe 31 wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha, Mwalimu Nyerere akiwa mpatanishi, wakakubaliana kuifungia Burundi njia za biashara mpaka bunge lirudishwe, vyama viruhusiwe na mazungumzo yaanze. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire, Ethiopia. Ukitazama ramani utaelewa: nchi yetu haina bahari, na mafuta yote huingia kwa kupitia bandari za wengine, Dar es Salaam au Mombasa. Mjomba, ambaye redio yake haikutoka sikioni, alisikiliza orodha ile ya nchi mpaka mwisho akasema, "Sasa wamefunga mlango na dirisha."

Serikali ikaweka mgao wa mafuta. Jeshi kwanza, ofisi za serikali, hospitali, halafu raia kwa vipimo. Sikatai kwamba mgao ulihitajika. Nchi isiyoingiza mafuta haiwezi kuacha mwenye pesa anunue yote siku ya kwanza. Lakini mgao wowote hujengwa juu ya kitu kinachohesabika, na kilichohesabika kwa raia ilikuwa gari. Gari lina plaki, yaani kibao cha namba, lina karatasi, linaweza kusukumwa mpaka kituoni likasimama foleni. Mashine ya kusaga imefungwa boliti kwenye saruji. Mjomba alikwenda kituo kimoja na bidoni yake, akaulizwa namba ya gari. Akasema ni mashine, inasagia watu unga. Yule kijana wa pampu alimjibu kwa adabu kabisa, "Mzee, mashine haina plaki." Neno lile lilizunguka mtaani likawa utani. Mchomeleaji, fundi wa kuchaji betri, mwenye friji ya samaki, wote wakajiita watu wasio na plaki.

Ikabidi tununue kwa wenye plaki. Madereva wa Hiace za mazutu walikuwa wakipanga foleni usiku, wakijaza, kisha wanakuja Buyenzi na kufyonza tangi kwa mpira. Dereva mmoja, aliyekuwa mteja wa garaji ya jirani, alinieleza hesabu yake bila kuficha: akiuza mgao wake anapata zaidi ya akibeba abiria siku nzima, na tairi haziliki. Hivyo ndivyo nauli zilivyopanda na magari yakapungua barabarani ilhali mafuta yapo. Esansi, yaani petroli, ilipangwa kando ya njia katika chupa za bia za Primus. Watoto wa Kiislamu ambao wazazi wao wasingekubali chupa ile ivuke kizingiti walikuwa wakiisafisha na kuipanga mlangoni, na hakuna shehe aliyesema neno.

Na Ziwa Tanganyika je? Hapo hadithi ya vikwazo huwa na ukungu kwa wale waliokuwa mbali. Sisi tuna ndugu Kigoma na Ujiji. Shangazi yangu aliolewa kule. Mpaka ulifungwa kwa karatasi, lakini Tanganyika haina komeo. Boti za mbao zilivuka usiku na bidoni za njano, zikashusha upande wa Rumonge na Nyanza-Lac. Mafuta yale yalipoondoka ufukweni yalikuwa na bei ya kuvumilika. Njia ya kuja mjini ilikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na bei yake. Baada ya Uvira kuanguka Oktoba 1996, vita vya Zaire vilipoanza, mafuta mengine yakapitia mpaka wa Gatumba, kwa baiskeli na kwa miguu. Mwenye kibali au mwenye jamaa kwenye kizuizi alijenga ghorofa miaka ile. Hilo si siri. Nyumba zenyewe zipo, watu wa Bujumbura wanazijua.

Mazutu yale hayakuwa mazutu tu. Yalichanganywa na mafuta ya taa, mara nyingine na maji ya ziwa lenyewe. Mjomba alikuwa na kipimo chake: anamimina kidogo kwenye chupa nyeupe jioni, anaiweka dirishani, asubuhi anatazama. Maji ni mazito kuliko mazutu, hukaa chini, na mstari wake unaonekana. Siku alizokuwa hana subira ya kungoja asubuhi, injini ilimwonyesha yenyewe kwa kugonga. Pampu ya sindano ilikufa namna hiyo, na ya kuibadilisha haikuwepo mjini, kwa sababu vipuri navyo vilipita njia zilezile zilizofungwa. Fundi wa garaji alitengeneza kipande kwa kuchonga chuma cha gari jingine. Kilifanya kazi kwa muda, kwa kelele.

Jirani yetu mchomeleaji alipata pigo la namna nyingine. Umeme ukikatika, yeye alirudi kwenye gesi: mawe ya kabaidi yanadondoshewa maji, yanatoa gesi, inakutana na oksijeni ya mtungi. Lakini kabaidi haitengenezwi Burundi, inaagizwa. Ilipoadimika akaweka tochi chini, akachukua patasi na nyundo, akaanza kukata mapipa matupu na kutengeneza mbabula, majiko ya makaa. Kazi ya babu yake, kama alivyosema mwenyewe, akicheka kwa shingo upande. Aliuza nyingi, maana hata waliokuwa na jiko la umeme walirudi kwenye makaa.

Sasa bei ya kusaga. Mjomba alipandisha mara ya kwanza, akina mama wakanung'unika, wakalipa. Alipopandisha mara ya pili baadhi hawakuja. Asubuhi tukawa tunasikia kinu na mchi nyuani, sauti ambayo mjini ilikuwa imebaki ya pilipili na kisamvu. Mama mmoja muuza ugali, mjane tangu ile Machi ya 1995, alimwambia usoni: "Baba, wewe si adui yangu, lakini bei yako ndiyo inayokuja mlangoni kwangu. Hao wa Arusha siwaoni." Mjomba hakumjibu. Usiku alikaa na daftari langu, na nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, ungedhani lugha nyingine ingempa jumla tofauti.

Ni mama yuleyule aliyeleta dawa. Yeye na wenzake walichanga, wakamtuma mmoja wao mwenye mume dereva, wakaja na bidoni yao wenyewe. Wakamwambia mjomba: mafuta haya ni yetu, wewe tuwekee mashine na mikono, tutakulipa kazi yako tu. Alikataa siku hiyo, kwa fahari. Wiki iliyofuata alikubali. Nikafungua ukurasa mpya kwenye daftari, wenye safu ya nani kaleta lita ngapi na kasaga kilo ngapi. Mfumo ule ulituvusha. Mjomba hakupata faida kama ya zamani, ila hakulazimika tena kutafuta pesa kabla ya alfajiri, na hasara ya bei kupanda usiku ikagawanyika vichwa vingi badala ya kimoja. Kodi ya biashara haikugawanyika. Karani alikuja kwa tarehe zilezile, na alipoelezwa kwamba mashine inasaga mara chache alisema fomu yake haina mahali pa kuandika hilo.

Aprili 1997 vikwazo vililegezwa. Chakula, dawa, vifaa vya shule, vya ujenzi na vya kilimo vikaruhusiwa. Mafuta hayakuwemo katika orodha. Mjomba alicheka sana siku ile: mahindi yanaruhusiwa kuingia, cha kuyasagia hakiruhusiwi.

Barazani watu walibishana kuhusu vikwazo. Wapo waliosema bila kubanwa wakubwa wasingekwenda mezani, na si hoja ya kupuuzwa: mazungumzo ya Arusha yalifunguliwa Juni 1998 na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, Mwalimu akiwa amekwisha kufariki na Mandela kushika nafasi yake. Mimi nawakubalia nusu. Waliokwenda mezani sikuwahi kuwaona kwenye foleni ya bidoni.

Januari 1999 vikwazo vilisitishwa. Tulidhani bei itarudi ilikokuwa. Mafuta yaliongezeka kweli, chupa za Primus zikapungua barabarani, lakini faranga ilikuwa imechoka na kila kinachonunuliwa kwa dola kilibaki juu. Septemba mwaka huohuo serikali ikawakusanya watu zaidi ya 300,000 wa vilima vinavyozunguka Bujumbura na kuwaweka kambini. Vilima hivyo ndivyo vilivyokuwa vikituletea makaa na muhogo. Basi gunia la makaa likapaa wakati uleule tuliokuwa tukishukuru mazutu kupatikana, na muuza ugali akapigwa upande wa pili.

Mjomba aliiuza injini kwa mtu wa Uvira, akabaki na mota ya umeme. Alifariki akiwa bado anasaga.

Foleni za mafuta zimerudi Bujumbura miaka hii, na safari hii hakuna aliyetufungia mipaka. Kinachokosekana ni fedha za kigeni za kuagizia. Na si mafuta tu yaliyotubana: Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa kuingia sehemu kubwa ya jiji, na mafundi wengi wa Buyenzi wanaoishi kwa kuzitengeneza walipoteza wateja. Mei 2023 thamani rasmi ya faranga ilishushwa. Mpwa wangu ana karakana ya kuchomelea, avenyu ya pili kutoka ilipokuwa mashine, na jenereta yake huwaka REGIDESO inapokatika. Mwezi uliopita mteja alimletea geti la kuunga, akauliza bei. Mpwa akamtajia mbili: moja ya kungoja umeme, nyingine ya leo. "Hii ya leo ni ya mikono yangu tu, kaka," akamwambia, "mafuta njoo nayo."