Rubisi haina hisa: kutoka Bukoba hadi Muleba

Ukitaka kujua Bukoba inakunywa nini, usianzie baa za mjini. Simama asubuhi mahali magari ya vijijini yanaposhusha abiria, uangalie madumu. Madumu ya njano ya lita 20, yamefungwa kwa kipande cha jani la mgomba badala ya mfuniko, yanashushwa pamoja na mikungu ya ndizi na magunia ya mihogo. Ndani yake ni rubisi, pombe ya ndizi ya Wahaya. Mchana itakuwa imefika vilabuni, na kesho kutwa haitakuwa na maana tena.

Barabara hiyohiyo inapitisha pia lori la bia. Kreti zimepangwa hadi juu: Safari, Kilimanjaro, Serengeti, na Balimi ambayo huku Kanda ya Ziwa ina wapenzi wake wasioambiwa kitu. Jina lenyewe ni la nyumbani. Balimi ni wakulima, Msukuma anaelewa na Mhaya anaelewa. Kwa miaka mingi jina hilo limebandikwa hata kwenye mashindano ya mitumbwi, vijana wa Bukoba wakipiga makasia kushindana na wenzao wa Ukerewe, Musoma na Mwanza. Mtu akiiona chupa hiyo anaona ziwa lake.

Mwenye chupa je? Hapo hadithi ni ndefu kidogo, na wanywaji wengi hawajawahi kuiuliza.

Kiwanda cha kwanza cha bia nchini kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933. Miaka mitatu baadaye kikanunuliwa na Wakenya, na kampuni yao ikabadili jina kuitwa East African Breweries. Baada ya Uhuru Serikali yetu ikaingia kwenye umiliki, na baadaye TBL ikawa mali ya umma. Mwaka 1993 nusu yake ikauzwa kwa kampuni ya Afrika Kusini, South African Breweries. Hiyo nayo ikakua, ikaungana na Miller ya Marekani mwaka 2002 na kuitwa SABMiller. Mwaka 2016 SABMiller ikamezwa na AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani, yenye makao makuu mji wa Leuven, Ubelgiji. Kwa hiyo bia ya wakulima wa Kanda ya Ziwa ina wakubwa wake Ulaya, na wakulima wenyewe hawakuacha kuinywa hata siku moja.

Serengeti, ambayo wengi waliipenda kwa sababu ilikuwa kampuni changa ya Watanzania ikipambana na jitu, ilifuata njia yake. Mwaka 2010 asilimia 51 ya hisa zake zilinunuliwa na East African Breweries ya Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Diageo ya Uingereza. Chui akabaki kwenye lebo. Wanywaji nao wakabaki.

Ni mahali pamoja tu hapa nchini ninapojua wanywaji walipata pigo walilolihisi mdomoni, napo ni Moshi. Kulikuwa na Kibo Breweries, kiwanda chini ya mlima, kikitoa bia ya Kibo Gold. Mwaka 2002 wakubwa wawili walikaa mezani wakagawana nyumba: Wakenya wakawaachia Waafrika Kusini soko la Tanzania na kupata asilimia 20 ya TBL, na Waafrika Kusini wakafunga kiwanda chao cha Castle kule Thika, Kenya. Kiwanda cha Moshi nacho kikanyamaza. Mnywaji wa Moshi na mnywaji wa Thika hawakuulizwa.

Wenzetu wa mbali wana kawaida tofauti. Chicago, mwaka 2011, kiwanda kidogo kiitwacho Goose Island kilipouzwa kwa kampuni kubwa, wapo wateja walioapa kutokigusa tena. London ikawa hivyohivyo kwa Camden Town mwaka 2015. Baa nyingine ziliondoa bia hizo hata kama ladha haikubadilika. Kwao kinywaji kina undugu na mtengenezaji, na mtengenezaji akiuza, undugu umekatika. Nilipowasimulia jamaa zangu wa Hamugembe jambo hili walicheka. Mmoja aliuliza, sasa huyo mtu akisusa bia kwa sababu ya mwenye hisa, nyumbani kwake anakunywa nini?

Swali zuri. Jibu la Mhaya liko kibanjani.

Toka Bukoba mjini kwenda kusini. Unapita Kemondo yenye bandari, kisha Muhutwe ambako unaweza kuacha barabara kuu ukapanda uwanda wa Kamachumu, au ukanyoosha hadi Muleba mjini. Upande mmoja ziwa linaonekana na kupotea. Upande wa pili ni migomba, na chini ya migomba ni mibuni, na katikati ya migomba na mibuni ni nyumba. Mgeni hudhani anapita msituni. Si msitu, ni vibanja, kila kimoja na mwenyewe, na mipaka yake inajulikana mpaka kwa watoto.

Tulikwenda Muleba kwa shughuli ya mahari, upande wa mwanamume. Wazazi mtanielewa: siku hizi orodha ya mahari inaandikwa kwenye simu na kutumwa kwenye kundi la familia, na watu wanaanza kubishana kabla ya kufika. Orodha yetu ilikuwa na kreti za bia na soda, jambo la kawaida. Ilikuwa pia na rubisi. Vijana wa kwetu, waliokulia Dar es Salaam, wakapendekeza rubisi igeuzwe kreti mbili za ziada. Bia haimwagiki, haivundi, risiti ipo.

Baba mkubwa alikataa bila kupandisha sauti. Alisema bia ni ya kuwanywesha wageni, lakini rubisi ndiyo inayozungumza. Kreti inaonyesha una fedha. Kibuyu cha rubisi kinaonyesha una kibanja, una watu wa kukusaidia kukamua, na umejua siku nne au tano kabla kwamba unakwenda kwa watu. Kwa fedha yako huwezi kuamka asubuhi ukapata rubisi nzuri jioni, labda ununue ya mwingine, nayo wataitambua.

Rubisi haina haraka. Ndizi zake si za kula. Kuna aina zake, kali na chungu zikiwa mbichi, Wahaya wanaziita embire. Mikungu iliyokomaa inafukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto, au inaning'inizwa juu ya jiko jikoni, mpaka ziive zote kwa pamoja. Kisha zinamenywa na kumwagwa kwenye chombo kirefu cha mti uliochongwa, kinachoitwa kwa jina lilelile la mtumbwi wa ziwani, obwato. Nyasi zinachanganywa humo, na wanaume wanaingia kwa miguu iliyooshwa, wanakanyaga. Nyasi zinashika nyama ya ndizi, maji yanajitenga.

Maji hayo ya kwanza ni matamu kuliko soda yoyote, na hayana kileo. Hapo ndipo watoto wanaposubiri na vikombe. Wanangu walikunywa mpaka nikawazuia. Baada ya hapo yanaongezwa maji ya kawaida na mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi unafunikwa kwa majani, na kuanzia hapo si mambo ya watoto tena. Siku moja au mbili, linachemka lenyewe kwa povu. Likishakuwa tayari lina muda mfupi. Lisiponyweka linageuka kali, kisha siki.

Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ulinzi wake. Bia ya chupa inakaa miezi, inasafiri, inahesabika, kwa hiyo inaweza kununuliwa na mtu wa Leuven asiyeijua Muleba. Kinywaji kinachoharibika baada ya siku tatu hakiuziki mbali na mwenyewe. Sisemi haiwezekani kabisa. Arusha ipo kampuni ya Banana Investments inayoweka kwenye chupa kinywaji cha ndizi, na watu wananunua. Chibuku nayo, pombe ya nafaka yenye asili ya vilabuni, ilishaingia mikononi mwa TBL. Lakini mpe mzee wa Kamachumu hicho cha chupa umwambie ni rubisi. Atakushukuru, atakiweka pembeni.

Ukoo hauendi bila rubisi, na ukoo wenyewe una taratibu zake za kuinywa. Anayeleta haachi chombo na kuondoka. Anaonja kwanza mbele ya watu, wajue ni salama. Mkubwa anapewa kibuyu na mrija wake. Mgeni anatafunishwa kwanza kahawa, zile punje kavu zilizochemshwa, kabla hata hujaulizwa umekuja kufanya nini. Mzungumzaji wetu alipiga goti, akasema "waitu" mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na Ta mwenye nyumba hakujibu lolote mpaka alipoonja. Alikaa kimya na mrija mdomoni. Sisi tukakaa kimya. Kisha akampa mwenzake wa kulia, na wanawake waliokuwa mlangoni wakaanza kupiga vigelegele kabla hajasema neno. Kreti za bia zilikuwa kivulini, hakuna aliyezitazama.

Nisiipambe sana, maana huu ni ukurasa wa familia na tunajuana. Kuna nyumba ambazo rubisi imelipa ada tangu darasa la kwanza hadi chuo, na kuna nyumba ambazo imekunywa ada yote. Kuna kilabu kinachofunguliwa saa nne asubuhi na wanaume wenye nguvu wameshakaa. Kuna wanaoichemsha tena na kutoa enkonyagi, ambayo ni gongo kwa jina lingine na sheria inaikataza. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, wazazi wengi tulishukuru kwa sababu vilikuwa vinaingia hadi kwenye mikoba ya shule. Rubisi haikuguswa na marufuku hiyo, na kazi ya kuwaweka watoto mbali nayo imebaki kwetu. Mtoto kutumwa dumu kilabuni bado ni jambo la kawaida vijijini. Mimi silipendi, na nilisema hivyo hukohuko, mbele ya shangazi ambaye hakufurahi.

Tishio kubwa kwa rubisi ni ugonjwa, wala hauna habari na wenye hisa. Mnyauko wa migomba uliripotiwa nchini mwaka 2006, na ulianzia huku Muleba. Majani yananyauka na kuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani ni kahawia, ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Hauna dawa. Unabebwa na panga lililokata mgomba mgonjwa, na unabebwa na wadudu wanaotembelea ua la dume, ile sehemu nyekundu inayoning'inia mwisho wa mkungu. Aina moja ya ndizi za pombe, ambayo majirani zetu wa Uganda wanaiita kayinja, ndiyo inayoambukizwa kirahisi zaidi kwa njia hiyo ya wadudu. Kwa hiyo mwenye kibanja cha ndizi za pombe alipoteza kabla ya wengine.

Kinga yake ni ya mikono tu. Unavunja ua la dume mapema kwa kijiti chenye panda, bila kutumia panga. Panga likitumika linapitishwa motoni au kuoshwa kwa dawa ya madoa kabla ya kwenda mgomba mwingine. Shina lililougua linaondolewa. Kijana mwenyeji wetu alituzungusha kibanjani akionyesha mapengo, hapa palikuwa na embire, hapa na pale, sasa pana maharage. Baba yake alikuwa akikamua kila wiki. Siku hizi wanakamua kwa shughuli tu, na nyingine wananunua ndizi kwa jirani.

Nilimuuliza, kama ndizi za pombe zikiisha kabisa mtapeleka nini ukweni? Akafikiri. Akasema hilo haliwezekani, kisha akasema labda watapeleka kreti, kisha akasema hapana, watapanda nyingine. Machipukizi safi anayatoa kwa mjomba wake Nshamba, amekwisha kuchimba mashimo manane.

Tulipoaga tulipewa dumu moja la kwenda nalo Bukoba. Nilitafuta mfuniko nikaukaza vizuri, mwenyeji akanipokonya na kuutupa. Akachana jani la mgomba, akalikunja, akaziba mdomo wa dumu kilegevu. Linapumua hilo, akasema, ukilifunga litapasukia mapajani mwa abiria mwenzako kabla hamjafika Kemondo.